Pima kwanza, ndipo upande: mashine ya mtetemo nyumbani

Nimeendesha trela miaka 24, Mombasa kwenda Malaba na kurudi, na mara nyingine hadi Kampala. Lori langu la kwanza kiti chake kilikuwa hakina springi ya maana. Ukitoka Mariakani hadi kufika Mtito Andei, enzi zile barabara ni mashimo, uti wa mgongo ulikuwa ukipigwa kutoka chini kama kinu. Mwaka 2016 daktari alinionyesha picha: diski mbili za kiunoni zimebonyea. Usukani nikauacha siku hiyo. Kwa hivyo Idi ilipopita, binti yangu Zuhura akateremka na boksi kubwa kutoka kwenye tuktuk hapa kwetu Majengo, akaniambia, "Baba, hii ni mashine ya mtetemo, yako na ya mama, inatibu mgongo, inakaza mifupa, inatoa tumbo," nilimjibu neno moja tu: mwanangu, mtetemo ndio ulionitoa kazini.

Hakubishana nami. Alikuwa ametoa shilingi 18,500 za jasho lake, na nia yake ilikuwa njema, nami sikutaka mashine irudi dukani kabla haijapewa haki yake. Nimekaa nayo zaidi ya miezi mitatu. Niliyoyaona kwa macho, niliyoelezwa na mtaalamu wa viungo anayenihudumia mgongo, na niliyoyasoma usiku kwenye simu ya kijana wangu, nayaandika hapa kwa namna ambayo ningependa mtu aniandikie mimi kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Ubao unafanya nini mwilini

Mashine yenyewe ni ubao unaotikisika kwa umeme. Ukisimama juu yake, misuli ya paja na ya shavu la mguu huvutwa kidogo na kuachiwa, tena na tena, ndani ya sekunde moja. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyotambua kwamba umevutwa. Vinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na msuli unajikaza wenyewe bila wewe kuuamuru. Ni jambo lile lile analolitafuta daktari anapokugonga chini ya goti kwa kinyundo ili aone mguu ukiruka. Juu ya ubao kinyundo hicho kinagonga mara kumi, ishirini, hata thelathini kwa sekunde.

Kwa hiyo kazi ipo. Anayesema mashine hizi ni upepo mtupu amekosea, na anayesema zinafanya mazoezi badala yako amekosea zaidi. Wazo lenyewe ni la zamani: daktari Gustav Zander alifungua nyumba ya mashine za mazoezi Stockholm mwaka 1865, na baadhi yake zilikuwa za kutikisa mwili. John Harvey Kellogg naye, kule Battle Creek nchini Marekani, alikuwa na viti vya kutetemesha wagonjwa. Hizi za leo tunazoziona madukani zilianza kushika kasi baada ya mwaka 2000.

Utafiti ulionifanya nibadili mawazo kidogo ulichapishwa mwaka 2003, kutoka Leuven, Ubelgiji. Wasichana 67 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi waligawanywa makundi. Wa kwanza walifanya mazoezi juu ya ubao wa mtetemo, wa pili walinyanyua vyuma, wa tatu walisimama juu ya ubao wa kudanganyia usiotikisika inavyopasa, na wa nne hawakufanya kitu. Baada ya wiki 12, nguvu za paja za kundi la ubao zilipanda kwa asilimia 16.6, na za kundi la vyuma asilimia 14.4. Wa ubao wa kudanganyia hawakupata kitu. Lakini soma vizuri walichokuwa wakifanya wasichana wale juu ya ubao: walikuwa wakichuchumaa, wakikunja magoti, na muda na ugumu ukiongezwa kila baada ya siku kadhaa. Hakuna aliyekuwa amesimama wima akiangalia runinga.

Hilo ndilo la kushika tangu mwanzo. Kwa mtu dhaifu wa miguu, mtu mzima ambaye kutembea mbali kunamshinda, au aliyeanza kupoteza mizani, ubao unaweza kuongeza nguvu kidogo za miguu na kumsaidia asiyumbe. Kwa kijana anayecheza mpira pale Makadara kila jioni, sioni kwa nini atumie pesa zake huko.

Mifupa, na kondoo waliotuletea habari hizi

Hapa ndipo watu wanapopotezwa, kwa sababu hadithi ina ukweli mwanzoni mwake. Mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Nature habari za kondoo waliosimamishwa juu ya ubao wa mtetemo dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mwaka mzima. Mfupa wa ndani wa paja, ule ulio kama sponji, uliwazidi wenzao kwa asilimia 34. Ni matokeo makubwa, na habari ilizunguka dunia.

Kisha wakaja binadamu. Toronto, Kanada, mwaka 2011: wanawake 202 waliokwisha koma hedhi, miezi 12, dakika 20 kwa siku. Mifupa yao haikutofautiana na ya wale ambao hawakupanda ubao. Boston, mwaka 2015: wazee 174, wastani wa umri miaka 82, dakika 10 kwa siku kwa miaka miwili. Hapo pia hakukuwa na tofauti. Leuven, mwaka 2004, wanawake wa makamo na wazee walifanya mazoezi juu ya ubao wenye nguvu zaidi kwa miezi sita, na mfupa wa nyonga ukaongezeka kwa asilimia 0.93. Hiyo ni chini ya asilimia moja. Kwa umri ambao mfupa hupungua tu, sitaidharau, ila nao walikuwa wakichuchumaa.

Sasa sikiliza kitu ambacho muuzaji hatakwambia, kwa kuwa huenda naye hakijui. Ubao wa wale kondoo, na wa wazee wa Boston, ulikuwa mpole mno. Nguvu yake ilikuwa sehemu 0.3 tu ya uvutano wa dunia. Kwa mtikisiko wa mara 30 kwa sekunde, maana yake ni kwamba ubao ulisogea chini ya moja ya kumi ya milimita. Jicho halioni. Ukiona mashine inayokutikisa hadi mashavu yanacheza, halafu unaambiwa "hii ndiyo ya utafiti wa mifupa", jua kwamba hizo ni mashine mbili tofauti kabisa, kama baiskeli na trela.

Kwa aliyeambiwa mifupa yake imepungua, dawa za daktari, mwanga wa jua, chakula na mazoezi ya kubeba uzito ndiyo mambo ya kutanguliza. Usiache dawa kwa ajili ya ubao.

Tumbo nitalipitia upesi. Mwaka 2017 kulikuwa na kelele nyingi kwamba mtetemo ni sawa na kukimbia. Utafiti wenyewe ulitoka Augusta, Georgia, na waliotikiswa walikuwa panya wanene wenye kisukari. Panya alifaidika. Mtu mzima wa kilo 84 anayesimama juu ya ubao dakika 10 hatoki hata jasho, na mafuta hayayeyuki kwa kutikiswa. Mama Zuhura kwa wiki 10 hakupungua hata nusu kilo.

Lebo ya nyuma na penseli

Kijana wa dukani alikuwa amemwambia Zuhura kwamba mashine inatikisika mara 50 kwa sekunde, akamwonyesha na maandishi: 50Hz. Nilipoigeuza nikaona lebo. Imeandikwa 220-240V, 50Hz, 200W. Yeyote aliyewahi kushika jenereta anajua maana yake. Hezi 50 ni mzunguko wa umeme wa Kenya, ule ule unaowasha taa na pasi yako. Hauhusiani na mtikisiko wa ubao hata kidogo. Sidhani kijana yule alikusudia uongo, ila watu wangapi wamenunua kwa lebo ile ile?

Kwenye kioo cha mbele kuna kasi ya 1 hadi 99. Hiyo nayo ni nambari ya kiwanda tu. Inakwambia zaidi au kidogo, haikwambii kiasi.

Basi tukapima wenyewe, nawe unaweza. Mama Zuhura alisimama juu, kasi ikiwa 99. Kijana wangu alipiga video ya mwendo wa pole kwa simu, tukaitazama tukihesabu ubao unapanda mara ngapi katika sekunde moja halisi. Tukahesabu mara tatu, na kila mara ikatoka 11. Kisha nikafunga penseli kwa seloteipu pembeni mwa ubao, sawa na unyayo unapokaa, nikasogeza kadi ya mwaliko wa harusi mbele ya ncha yake, pole pole, kwa mkono ulionyooka. Penseli ikachora mawimbi kama ya bahari ya kusi. Kutoka bonde hadi kilele niliyapima kwa rula: milimita 8. Nusu yake, 4, ndiyo tunayoitumia.

Hesabu ni hii. Zidisha ile 11 kwa 6.28, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa milimita 4, ugawe kwa 9,810. Unapata takriban 1.95, yaani karibu mara mbili ya uvutano wa dunia, na zaidi ya mara sita ya ubao wa kondoo. Mashine ya hezi 30 ambayo nusu yake ni milimita 2 inafika mara saba na zaidi. Ndiyo maana ukipandisha hezi kidogo tu, nguvu hupanda sana, kwa sababu hezi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe.

Angalia pia namna ubao unavyocheza. Uko unaopanda na kushuka wote kwa pamoja, na uko unaocheza kama pembea ya watoto, kulia ukipanda kushoto unashuka. Wetu ni wa pembea. Raha yake ni kwamba unapanga kipimo kwa miguu yako mwenyewe: ukiweka nyayo karibu na katikati mtikisiko ni mdogo, ukizitanua unakua. Kwa anayeanza, nyayo zikae karibu.

Umeme usikutie hofu. Wati 200 kwa dakika 10 hazifiki hata shilingi 2 za tokeni. Kama ni mashine ya mtumba iliyokuja kutoka Marekani, hapo soma lebo vizuri, isije ikawa ya volti 110 ukaiunguza siku ya kwanza.

Nani asipande

Mimi sipandi. Mtaalamu wa viungo aliniambia waziwazi: diski zako zilishapata mtetemo wao. Nilitaka kujua sababu, akanieleza habari za madereva. Huko Ulaya, tangu sheria yao ya mwaka 2002, mtetemo unaompata mfanyakazi mwili mzima umewekewa viwango. Ukifika mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde, kwa siku ya saa 8, mwajiri lazima achukue hatua, na 1.15 haivukwi. Wameweka hivyo kwa kuwa migongo ya madereva wa malori na matrekta ilikuwa ikiharibika. Nilipoyasikia hayo nilikaa kimya kitambo. Miaka yote ile nilidhani maumivu ni udhaifu wangu, kumbe kuna watu walikuwa wameshayapima.

Basi ubao unaweza kukufaa kwa dakika chache ukiwa umesimama na magoti yamekunjwa, na mtetemo huo huo ukakuharibu kwa saa nyingi ukiwa umekaa. Ndiyo maana tangazo linaloonyesha mtu amekaa kitako juu ya ubao "kusaga mgongo" linaniumiza roho. Ukikaa, miguu haipo tena kupunguza pigo, na yote yanaingia kwenye uti wa mgongo. Usikae juu ya ubao. Usilale juu yake, usiweke kichwa.

Usipande kabisa kabla ya kumuona daktari kama una mimba, una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, una damu iliyoganda kwenye mguu, umefanyiwa upasuaji karibuni, umevunjika mfupa haujakaa sawa, una chuma au nyonga ya bandia, una kifafa, ngiri, vijiwe vya figo au vya nyongo, kizunguzungu cha mara kwa mara, au ugonjwa wa retina ya jicho. Hilo la jicho watu hulisahau, na wenye sukari wengi wana tatizo hilo bila kujua.

Wenye sukari nataka niseme nao peke yao, maana hapa mjini hakuna nyumba isiyokuwa na mmoja. Kama nyayo zimekufa ganzi hutajua ubao unakuchubua. Mama Zuhura ana sukari. Kabla ya siku ya kwanza alikwenda kliniki akapimwa nyayo kwa uzi ule mwembamba wa plastiki, akaguswa vidole huku amefumba macho, akahisi kila mguso. Ndipo tukaanza. Na kila akishuka hukaa mkekani, mjukuu anamshikia taa ya simu, anatazama nyayo zake kila pembe, hadi katikati ya vidole.

Kusimama

Weka ubao sakafuni penye usawa, mbali na kona ya meza, karibu na kitu imara cha kushika. Sisi tumeuweka chini ya dirisha ili mama ashike nondo. Sakafu yetu ni ya vigae, na miguu ya mashine ilikuwa ikitambaa kama kaa, nikaweka chini yake kipande cha mpira wa lori. Mkeka wa ukili hauzuii, unateleza. Kama unakaa ghorofani, mfikirie jirani wa chini, na usiwashe baada ya isha.

Vaa raba zenye soli nyembamba, au soksi nzito. Viatu vyenye soli kama godoro hula nusu ya kazi.

Panda mashine ikiwa imezimwa, simama vizuri, ndipo uwashe. Nimewaona wanaoruka juu ya ubao unaocheza, na ni hatari kwa mtu mzima.

Kunja magoti kidogo, kama mtu anayetaka kukaa akabadili nia. Uzito uegemee sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kiguse tu. Tumbo likaze, mgongo unyooke, macho mbele. Magoti yakinyooka na kufungwa, mtikisiko unapanda moja kwa moja kupitia nyonga hadi fuvuni.

Utajuaje kama umefika kichwani? Sikiliza sauti. Siku ya kwanza Mama Zuhura alipanda, akasema "Bismillahi" na sauti ikatoka vipande vipande, kama anayeongea nyuma ya pikapiki. Nikamwambia akunje magoti zaidi. Akakunja kidogo, sauti ikapungua kutetema. Nikamwambia asogeze uzito mbele ya unyayo. Akasema tena, na safari hii neno likatoka zima. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo chetu: akipanda husoma Fatiha kwa sauti ya kawaida, na aya zikianza kukatika anarekebisha magoti au anapunguza kasi. Maandishi ya kalenda ukutani nayo yasichezecheze machoni. Yakicheza, shuka.

Ukihisi mwasho wa miguu, usiogope, damu inapita kwa wingi karibu na ngozi. Maumivu ya goti, kichefuchefu, kichwa kuuma au kizunguzungu ni jambo jingine. Zima, ukae, na siku hiyo imekwisha.

Wiki kumi tulizofanya

Siku tatu kwa wiki, na angalau siku moja ya kupumzika katikati. Sisi tulichukua Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baada ya yeye kumaliza mahamri ya asubuhi na karai limeshaepuliwa.

Wiki mbili za mwanzo: sekunde 30 juu, dakika moja chini, mara nne. Kasi ndogo, nyayo karibu. Kazi ni kusimama tu na magoti yamekunjwa. Hapa usiharakishe, mwili unajifunza.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita: sekunde 45, mara sita. Sasa ongeza mwendo. Chuchumaa nusu, pole pole, hesabu tatu kushuka na tatu kupanda, mkono mmoja kwenye nondo. Raundi mbili za mwisho panda kwa vidole na ushuke.

Wiki ya saba hadi ya kumi: dakika moja, mara nane. Nyayo zitanuke kidogo. Ongeza kuhamisha uzito mguu mmoja, kisha mwingine, bila kuuinua kabisa. Jumla ya muda wa kutikisika kwa siku usivuke dakika 10, hata kama unajisikia vizuri. Mashine nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika 10, na wapo wanaoiwasha tena. Usifanye hivyo.

Na siku zilizobaki anatembea. Hili silo la pembeni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, siku mbili za kukaza misuli, na kwa waliofika miaka 65, siku tatu za mazoezi ya mizani. Ubao unaweza kuingia kwenye misuli na mizani. Dakika 150 haziguswi nao kamwe. Sisi tulizitafuta kwenye barabara ya ufukweni ya Mama Ngina, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la kaskazi halijawaka: kutoka upande wa feri ukiifuata bahari, chini ya mibuyu, hadi karibu na mnara wa taa, kisha tunarudi. Wiki ya kwanza alipumzika kwenye kila benchi.

Kiti cha mbao

Usipime kwa kuhisi. Hisia hudanganywa na pesa iliyotumika. Chukua kiti cha mbao kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara tano upesi uwezavyo, mtu akuhesabie sekunde. Ukizidi sekunde 15, miguu imedhoofika na hatari ya kuanguka ipo. Andika tarehe na jibu. Kisha simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, uandike sekunde hizo pia. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa ile ile, kwa kiti kile kile.

Mama Zuhura alianza na sekunde 19. Ana miaka 58, magoti yanamsumbua, na kwa mwaka mzima alikuwa akiswali juu ya kiti. Wiki ya nne ilikuwa 17. Wiki ya kumi ikawa 14. Ijumaa moja alfajiri niliamka nikamkuta amesujudu kwenye msala, na kiti kimesukumwa kando.

Nilitaka kusema ni mashine. Lakini alikuwa pia akitembea, na alikuwa akichuchumaa. Kwa hivyo nikafanya jambo ambalo nakuomba nawe ulifanye kabla hujamwambia mtu chochote: nikaichomoa mashine kwenye umeme wiki mbili. Akaendelea na kila kitu vile vile, kuchuchumaa ameshika nondo, kupanda vidole, Mama Ngina, ila sakafuni pakavu. Kiti kikasema 14. Baada ya wiki mbili zaidi, 13.

Kwa hivyo sina ushahidi kwamba mtetemo wenyewe ulimwongezea kitu mke wangu. Ninachokijua ni kwamba mwezi ule wa kwanza, mazoezi ya sakafuni aliyakataa kwa maumivu ya magoti, na kusimama juu ya ubao hakukataa. Ulimpa mahali pa kuanzia. Shilingi 18,500 ni nyingi kwa mahali pa kuanzia, na kama Zuhura angeniuliza mapema ningemwambia anunue raba nzuri za mama yake, jozi mbili, na pesa iliyobaki aiweke.

Sasa mashine iko kwa jirani yetu wa nyumba ya pili. Mama yake mzazi alianguka bafuni mwezi uliopita, hakuvunjika, ila ameogopa kusimama peke yake tangu hapo. Nilikwenda naye kwa daktari kwanza, tukauliza moyo, macho, nyonga na nyayo, na daktari akaruhusu kasi ndogo, mtu akiwa amemshika. Hewa ya bahari imeshaanza kula skrubu za chini, nikazikaza na kuzipaka grisi kabla ya kuipeleka. Niliibeba pamoja na kipande cha mpira, kadi yenye mawimbi ya penseli, na kiti chetu cha mbao. Sekunde zake za siku ya kwanza, nilizomwandikia ukutani kwa chaki, ni 23.